Msaliti Mwenye Sura: Njama na Dola katika Hadithi za Picha za Lance Spearman

Hadithi za picha za upelelezi hazijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki. Istilahi "fasihi pendwa", ambayo ingepaswa kueleza aina ya kazi, mara nyingi imetumiwa kama hukumu dhidi yake. Hata hivyo, Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia uwanjani kwa riwaya ya Kufa na Kupona (1974), alikuwa na ndugu aliyemtangulia. Huyo ni Lance Spearman, shujaa wa jarida la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, likasomwa sana Afrika Magharibi, Mashariki na Kusini. Makala haya yanauliza swali moja: katika hadithi hizo usaliti umewekwa wapi, na kwa kuwekwa hapo, ni nani anayekingwa?

Spearman, ambaye sura yake ni ya mwigizaji Jore Mkwanazi, ni mtu wa suti, kofia, sigara na gari la kifahari. Wasaidizi wake ni Sonia na kijana Lemmy. Rafiki yake katika polisi ni Kapteni Victor. Maadui wake, akiwamo Rabon Zollo, ni wakuu wa magenge yenye vyeo na ngazi. Kiti cha mkuu wa genge husimama juu ya hofu, na hofu haizai uaminifu. Kwa hiyo mivutano ya mamlaka, tamaa na kugeukana ni mambo ya upande wa wahalifu. Upande wa sheria kwa kawaida ni wa watu wanaoaminiana.

Mgawanyo huu unatokana kwa sehemu na fani yenyewe. Riwaya inaweza kuificha sura ya mhalifu hadi ukurasa wa mwisho. Faraji Katalambula aliiita riwaya yake Simu ya Kifo (1965), na jina hilo peke yake linaashiria sauti isiyo na sura. Picha haina uhuru huo. Mtu akishapigwa picha, msomaji amekwisha kumwona. Akitokea tena, atamtambua. Ndiyo maana taharuki ya hadithi ya picha haitegemei sana swali la "nani?" bali swali la "shujaa atajua lini?" Msomaji hujua zaidi ya mpelelezi, na kinaya hicho ndicho kinachomfanya afungue ukurasa unaofuata. Lakini kina gharama yake: msaliti anayetambulika mapema hamfundishi msomaji kumshuku mtu anayeaminika.

Fani, hata hivyo, si sababu pekee. Mji wa Spearman hauna jina, hauna bunge wala uchaguzi, na ubaguzi wa rangi uliotawala Afrika Kusini, nchi lilikoanzia jarida, hauonekani. Jarida lililotaka kuuzwa chini ya serikali nyingi lilipata faida kwa kutoigusa hata moja. Nchini Kenya hali ilikuwa nyingine. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Aliyefyatua risasi alihukumiwa. Swali la aliyemtuma likabaki midomoni mwa watu. Msomaji wa wakati huo alikuwa mkononi na hadithi ambamo njama hukoma genge linapovunjwa, ilhali nchini mwake njama ilidhaniwa kuanzia mahali ambapo upelelezi ulikomea.

Yapo yanayoweza kusemwa kwa kuitetea kazi hii, nayo ni ya kweli. Mwafrika wa mjini aliyeendesha gari lake, akaongoza uchunguzi na kushinda kwa akili yake alikuwa jambo geni katika picha za burudani za zama hizo. Fahari hiyo haipaswi kubezwa. Lakini fahari ya kumwona shujaa mweusi si sawa na ujasiri wa kuuliza shujaa huyo anamtumikia nani.

Musiba alisogea hatua moja mbele. Aliipa njama mwenyewe wa kisiasa: maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, pamoja na Waafrika waliokubali kununuliwa nao. Hata hivyo, Gamba ni mtumishi wa dola, na ofisi inayomtuma haichunguzwi.

Fasihi simulizi haikuwa na woga huo. Masimulizi ya Abagusii kuhusu mkuki wa Otenyo, aliyemjeruhi ofisa Mwingereza Northcote mwezi Januari 1908 kwa hamasa ya Moraa Ngiti, yanapofika kwenye kukamatwa kwake humwachia msikilizaji wa Kisii swali la ndani: katika jamii yenyewe, nani alisimama na nani?

Swali hilo lilirudi kwa nguvu katika riwaya isiyohesabiwa kuwa ya upelelezi. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, mhalifu mkuu ni mtawala mwenyewe, Mtemi Nasaba Bora, ambaye kiti na mashamba yake vimejengwa juu ya mauaji na hati za kughushi. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, amejipatia sifa kwa mswada wa mwingine. Anayeyafichua hayo hakutumwa na ofisi yoyote. Ni Amani, mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi na mdhulumiwa wa ndugu wote wawili.

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba tatizo la hadithi za Spearman si wepesi wa picha wala umaarufu wake. Ni nafasi ya mpelelezi. Maadamu anayechunguza ni rafiki au mtumishi wa dola, dola haitakuwa mshukiwa, na usaliti utabaki mali ya genge. Uhakiki unaozitupa kazi hizi kwa kuwa ni pendwa unapoteza ushahidi wa jinsi wasomaji wengi walivyofunzwa, wakiburudika, mahali pa kutomtafuta msaliti.