Nani Amepanga Bei?

Paulo Freire hunukuliwa sana vyuoni kwetu, lakini mara nyingi tunaishia kumsifu. Mimi napenda kuijaribu nadharia yake kwa neno letu moja: ujinga.

Katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, Tanzania ilisema inafuta ujinga. Asiyejua herufi akawa mjinga, hata kama anaujua udongo, mvua na mifugo. Freire, aliyefundisha wakulima na vibarua Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianzia upande wa pili: mtu huusoma ulimwengu kabla ya kulisoma neno. Kwake hapakuwa na cha kufuta, bali cha kuanzia.

Alichagua neno lenye uzito maishani mwa wanafunzi, kama "tijolo", yaani tofali. Kwanza walilijadili, kisha wakaligawa: ti-jo-lo. Kiswahili kinaikubali mbinu hii bila shida. Chukua mi-za-ni, upate ma, me, mi, mo, mu.

Mradi wa majaribio wa Mwanza, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968, uliunganisha kusoma na kazi: pamba, uvuvi, ufugaji. Ulimwengu wa mkulima uliingia kitabuni, ila uliingia na majibu yake tayari: panda hivi, palilia hivi.

Bibi yangu alisoma kisomo hicho. Anasoma barua zake mwenyewe, na anajivunia kwa haki. Nilimuuliza kama waliwahi kujadili bei darasani. Akacheka: "Mjukuu wangu, bei ilitoka juu kama mvua."

Sisemi kampeni ilishindwa. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu rasmi zilitaja mmoja kati ya kumi. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini mkulima aliyefundishwa kusoma risiti ya pamba bila kuihoji amepata nusu ya kisomo.

Nusu hiyo bado tunadaiwa. Leo watu wazima wanafundishwa kusoma ujumbe wa mkopo kwenye simu. Ningekuwa mwalimu wao, ningeandika ubaoni ri-ba. Halafu, kabla ya ra, re, ri, ro, ru, ningeuliza: nani ameipanga?