The Innocents: Jinsi Shaka Ilivyojengwa kwa Kamera na Sauti

The Innocents ni filamu ya kutisha ya Uingereza iliyotoka mwaka 1961, chini ya uongozi wa Jack Clayton. Imetokana na The Turn of the Screw, riwaya fupi ya Henry James ya mwaka 1898. Miss Giddens, anayeigizwa na Deborah Kerr, anaajiriwa kuwalea na kuwafundisha watoto wawili yatima, Miles na Flora, katika jumba la mashambani liitwalo Bly. Haupiti muda anaanza kuwaona watu wawili waliokwisha kufa: Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa jumba hilo, na Miss Jessel, mwalimu aliyemtangulia. Je, Bly ina mizuka, au mwalimu ameanza kurukwa na akili? Filamu inayapa majibu yote mawili uzito, na uzito huo umetokana na ufundi.

Kazi ilianzia kwenye mswada. William Archibald alikwisha kuigeuza hadithi hiyo kuwa tamthilia ya jukwaani mwaka 1950, na humo mizuka ilikuwa ya kweli. Clayton alitaka shaka, akamwita Truman Capote auandike upya mswada. Badiliko moja linaonyesha jinsi shaka hiyo ilivyopandwa. Katika riwaya, mwalimu anaeleza sura ya mtu aliyemtokea, ingawa hajawahi kumwona Quint akiwa hai wala picha yake, na msimamizi wa nyumba, Mrs Grose, anamtambua mara moja. Huo ni ushahidi mzito kwamba mzuka upo. Katika filamu, wakati wa mchezo wa kujificha, Miss Giddens anakuta darini picha ndogo ya mwanamume, kisha punde anaiona sura hiyohiyo dirishani. Huenda basi akili yake imechora tu kile ambacho macho yalikwisha kukiona.

Uhariri wa Jim Clark unaendeleza mbinu hiyo. Kwa kawaida filamu za kutisha humwonyesha mtazamaji kitu chenyewe, kisha uso wa anayekiona. Hapa uso wa Kerr mara nyingi hutangulia: macho yanamtoka, pumzi inakatika, ndipo kinachotisha kinapoonekana. Kwa hiyo mtazamaji hukiona kikiwa kimepita kwanza kwenye hofu ya mtu mmoja. Pale ziwani, Miss Giddens anamwona Miss Jessel, lakini Mrs Grose aliyefika hapohapo haoni kitu.

Mpiga picha mkuu, Freddie Francis, alikuwa na tatizo la upana. Kampuni ya Fox ilitaka filamu ipigwe kwa CinemaScope, yenye picha ambayo upana wake unazidi mara mbili ya kimo, ilhali hadithi inahitaji hali ya kubanwa. Francis alitumia vichujio vilivyopakwa rangi pembeni, giza likala kingo za picha na kumfungia mwalimu katikati. Aliongeza pia taa kali na kulibana tundu la lenzi, ili uso ulio karibu na umbo lililo mbali vyote vionekane wazi. Ndiyo maana Miss Jessel anatisha akiwa amesimama tu kwenye matete, mbali, mchana kweupe. Kwa matukio ya usiku ilitumika mishumaa yenye tambi kadhaa, ili mwanga wake uweze kunaswa na kamera.

Picha moja pia huyeyuka polepole ndani ya nyingine, hata uso wa mwalimu ukawa bado upo wakati tukio jipya limeanza. Mpaka kati ya ndoto, kumbukumbu na tukio halisi unafutika.

Sauti ina nafasi sawa na picha. Filamu inaanza gizani, wimbo wa mtoto ukisikika hata kabla ya nembo ya kampuni kutokea. Bustanini, Miss Giddens anapoinua macho na kumwona mtu juu ya mnara, sauti za ndege zinakatika ghafla. Milio ya kielektroniki ya Daphne Oram, ambaye jina lake halikuorodheshwa, inaongeza mnong'ono usio na chanzo.

Hoja ya kichaa inapata kipingamizi chake kikubwa darasani. Miss Jessel anaonekana akilia mezani, anatoweka, na Miss Giddens anagusa pale alipokaa na kukuta tone la chozi. Lakini baada ya giza lile la mwanzo, filamu ilifunguliwa kwa mikono yake iliyofumbatana na sauti yake ikisema kwamba alitaka kuwaokoa watoto. Yote yanayofuata yanaweza kuwa kumbukumbu zake mwenyewe, chozi likiwamo.

Hapo ndipo ulipo ubora wa kazi hii. Clayton hakumficha mtazamaji ushahidi. Alimpa mwingi, lakini karibu wote aliupitisha kwa shahidi mmoja ambaye uaminifu wake hauwezi kupimwa. Kwa mtengeneza filamu anayetaka kutisha bila damu wala kelele, The Innocents bado ni darasa.