Mkalimani Asiye na Jina: Taarifa za Safari za Injili Mpakani Tunduma

Katika nathari ya Kiswahili limo fungu moja ambalo wahakiki hawajaligusa sana, nalo ni taarifa ya safari ya injili. Kwaya au kundi la waumini hutoka katika ushirika wake, huvuka mpaka, hukaa ng'ambo siku tano au wiki mbili, hurudi. Kisha mmoja wao husimama kanisani siku ya Jumapili akasoma yaliyotendeka. Taarifa hiyo aghalabu haizidi kurasa nne. Hupigiwa makofi, hutiwa katika jalada la ofisi, na mchango wa safari ya mwaka ujao huombwa kwa nguvu yake. Maandishi yanayosikilizwa na watu wengi kiasi hicho, tena yanayofungua mifuko yao, hayafai kuachwa bila kupimwa kwa sababu tu hayakutungwa kwa nia ya kuwa fasihi.

Mahali pazuri pa kuyapima ni Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Huko maneno "nchi za nje" yana mashaka. Nakonde ya Zambia imepakana nayo nyumba kwa nyumba. Mstari unaoitenga miji hiyo ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, wala Wanyamwanga hawakuulizwa, nao wakabaki pande zote mbili. Tangu Oktoba 2019 kipo kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, ambapo msafiri humaliza shughuli za dola mbili mahali pamoja. Si ajabu Mnyamwanga wa Tunduma kuwa na shangazi aliyeolewa Nakonde, akavuka kwenda kuzika na kurudi kabla ya jua kuchwa. Akivuka hivyo haandiki taarifa. Akivuka kwa njia ileile akiwa amevaa sare ya kwaya, huwa amekwenda "nchi za nje", na watu aliokula nao matanga mwezi uliopita hugeuka kuwa watu waliokaa gizani.

Giza hilo lina historia yake. Si mbali na Nakonde pako Mwenzo, ambapo Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo katika miaka ya 1890. Huko ndiko Donald Siwale na walimu wenzake walikoasisi mwaka 1912 chama cha ustawi kinachohesabiwa na wanahistoria kuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya namna hiyo katika nchi iliyokuja kuitwa Zambia. Kwa hiyo mhubiri anayevuka leo huenda anahubiri mbele ya vitukuu vya watu waliobatizwa na kusoma vitabu kabla Tunduma haijawa mji. Taarifa ikilisahau jambo hili, kosa lake si la historia peke yake. Imekosea kumjua mtu inayemsimulia.

Kosa hilo huonekana kwanza katika sarufi. Msomaji wa taarifa hizi atakutana mara nyingi na sentensi ya namna hii: "Roho arobaini ziliokolewa." Yafaa sentensi hiyo itazamwe polepole. Kiswahili kina ukarimu wa pekee kwa viumbe vyenye uhai. Hata mbuzi na kuku hupewa upatanisho wa watu: mbuzi wamepotea, kuku wamerudi. Lakini aliyeinua mkono kule Nakonde, aliyeacha kibanda chake cha biashara akaja uwanjani, huandikwa kwa upatanisho wa nyumba na meza. Yaweza kujibiwa kwamba huu ni msemo wa dini tu, nao una asili katika Maandiko. Jawabu hilo halitoshi. Kiyunani cha Matendo 2:41 hutaja nafsi zipatazo elfu tatu, walakini wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 walipofika hapo waliandika "watu". Walikijua Kiswahili, na waliona hatari.

Kisha yuko mkalimani. Mhubiri aliyetoka Mbeya au Dar es Salaam hunena Kiswahili. Sokoni Nakonde ataeleweka, kwa kuwa biashara imekivusha Kiswahili mpaka zamani. Lakini akiingia vijijini hana budi kusimama na mtu wa kumgeuzia maneno katika Kinyamwanga au Kibemba. Taarifa humtaja mtu huyo, kama ikimtaja, kwa maneno manne: "kwa msaada wa mkalimani". Hana jina. Hata hivyo kila neno lililofika masikioni mwa wasikilizaji lilikuwa lake. Mhubiri alisema "neema". Ni mkalimani aliyelazimika kuchagua, kwa pumzi moja, watu wakingoja, neno litakalosimama mahali pa neema. Huenda alipunguza ukali pale mhubiri alipowatukana mizimu ya wazee. Huenda aliuongeza. Mwenye taarifa hajui, wala haulizi. Naye huandika "nilihubiri" bila wasiwasi wowote. Kwa kipimo cha uhakiki, mtunzi wa hotuba ile ni wawili, na mmoja amefutwa.

Eneo hilihili lina mfano wa mgeni aliyelazimika kulijua jambo hili. Traugott Bachmann, Mjerumani wa Kanisa la Moravian, alifika nyanda hizi mwaka 1892, akafungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, akakaa na Wanyiha mpaka vita vilipomwondoa mwaka 1916. Alifasiri Agano Jipya kwa Kinyiha, na mtu hawezi kufasiri kitabu kizima bila kusahihishwa kila siku na wenye lugha. Kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1957, baada ya kufa kwake, ziliitwa *Ich gab manchen Anstoss*. Katika Kijerumani neno la mwisho ni kikwazo, tena ni msukumo wa kuanzisha jambo. Kiswahili hakina neno moja la kuyabeba yote mawili. Ukisema "niliwakwaza wengi" umepoteza nusu. Nusu hiyo iliyobaki yatosha. Mzee anaitazama kazi ya maisha yake na kuipa jina la makosa yake, na katika simulizi yake yeye ndiye anayebadilika mbele ya Wanyiha. Bachmann hakuwa malaika, wala hakuja bila kivuli cha dola yake. Lakini ni vigumu kuikumbuka taarifa ya siku kumi iliyothubutu kukiri kikwazo kimoja.

Bibi Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni hiyohiyo, alikwenda mbali zaidi. Aliandika masimulizi ya wanawake waliopita katika utumwa na misukosuko ya nyanda hizi, miongoni mwao Narwimba, ambayo Marcia Wright aliyarudisha mbele ya wasomi katika kitabu chake cha 1993. Hapo mwenyeji ana jina, ana wazee wake, ana hofu zake, na mgeni ameshika kalamu tu.

Isidhaniwe kwamba shida ni uchache wa siku. Martin Kayamba alikwenda Uingereza mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akarudi, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1932 kwa jina la *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Jina hilo ni la mtu anayejua mipaka yake: kuona na kutenda, basi. Hadai kuwageuza Waingereza.

Watasema wenye taarifa kwamba maneno yao hulenga wachangaji, na mchangaji hutaka hesabu. Kweli hutaka. Walakini mchangaji huyo wa Tunduma naye ana jamaa Nakonde, na akiambiwa kwamba hotuba ilifasiriwa na fulani bin fulani, mwalimu wa Jumapili wa kijiji fulani, aliyelibadilisha neno hili kuwa lile, hatapunguza sadaka yake. Yamkini atauliza habari za mtu huyo, maana huenda ni mpwa wake.