Swali la Pili: Namna ya Kupima Kipindi cha Mjadala Redioni

Msikilizaji wa Issuna, kata ya wilaya ya Ikungi iliyo kando ya barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida, hakosi kipindi cha mazungumzo. TBC Taifa ipo, vituo vya Dar es Salaam vyenye mitambo mikoani vipo, na redio za Singida mjini na za Dodoma nazo zinagombea sikio lake la asubuhi. Karibu kila kituo kina saa yake ya kuzungumzia maji, bei za mazao, shule, barabara na yanayojiri bungeni, kikiwa na mtangazaji mmoja au wawili, mgeni studioni na namba ya simu inayorudiwa hadi watoto wanaikariri. Kwa sikio la juujuu vipindi hivi vinafanana. Wengi huvipima kwa cheo cha mgeni, kwa sauti tamu ya mtangazaji au kwa wingi wa simu zilizopokelewa. Vipimo hivyo vinadanganya. Mgeni mkubwa anaweza kuongea saa nzima bila kusema jambo, na simu thelathini zinaweza kuwa salamu thelathini. Ninachokishikilia ni kipimo kimoja: sikiliza kinachotokea mgeni akishamaliza jibu lake la kwanza. Mtangazaji akiwa na swali la pili, lililozaliwa na jibu lenyewe, hapo kuna mjadala. Akisema "tunakushukuru sana mheshimiwa kwa ufafanuzi huo" na kurukia mada nyingine, hata kama kibwagizo cha kipindi kinapendeza kiasi gani, kilichorushwa ni tangazo.

Tuchukue maji, mada inayorudi redioni kila kiangazi katika mkoa huu mkavu wenye msimu mmoja wa mvua. Tuseme mgeni ni afisa wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019, na msikilizaji ametuma ujumbe kuuliza pampu ya kijijini kwao itatengenezwa lini. Jibu la kwanza linajulikana kabla halijatamkwa: jambo hilo liko kwenye mchakato, serikali imelisikia, wananchi wawe na subira. Mtangazaji dhaifu huishia hapo. Mwenye ufundi anauliza kwanza kama pampu imeungua au kisima kimekauka, kwa kuwa tatizo la kwanza ni la fundi na vipuri na la pili ni la kuchimba upya, na gharama zake hazikaribiani. Kama imeungua, anauliza matengenezo ni ya chombo cha watumia maji cha kijiji au ni ya ofisi ya wilaya. Kama ni ya chombo, fedha ambazo akina mama wanalipa kwa kila ndoo ziko wapi, na mapato na matumizi yake yalisomwa lini mara ya mwisho kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Kama ni ya wilaya, je, fedha zake zimo kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha unaoisha Juni au hazimo? Angalia kwamba hakuna hata swali moja kati ya hayo lililo la ukali. Yote yanaweza kuulizwa kwa heshima kamili, kwa sauti ya chini, na mgeni akaitwa mheshimiwa kila mara. Lakini kila moja linafunga mlango mmoja wa kutokea, na mwishoni msikilizaji anajua la kufanya kesho: aende kwa mwenyekiti wa kijiji kudai mkutano, au amfuate diwani wake.

Kipimo hiki hakikuanza na simu za mkononi. Utangazaji wetu, kuanzia Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 hadi Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, ulikuwa wa kutoka juu kwenda chini, lakini ndani yake kulikuwa na jaribio ambalo watangazaji wa leo wangefaa kulisoma kwa makini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na vitabu vyake vya kusoma; kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa na wanakikundi wakajiuliza wafanye nini hapa kwetu kuhusu vyoo, maji ya kunywa na mbu wa malaria. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika dakika zilizofuata matangazo, pale ambapo maneno ya jumla yaligeuzwa kuwa shimo la choo linalochimbwa na watu wanaojulikana kwa majina. Udhaifu wake ni kwamba swali la kikundi halikuwa na njia ya kurudi hewani siku ile ile. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua milango kwa redio za binafsi, na simu za mkononi zilipofuata, njia ya kurudi ikapatikana. Kwa hiyo kituo kinachofungua simu lakini hakimrudishi mgeni kwenye swali la mpigaji kinafanya pungufu ya walivyofanya wazee wetu wasiokuwa na simu. Ushahidi wa karibu zaidi unaelekea huko huko. Katika utafiti wa redio za wakulima uliofanywa kati ya 2007 na 2010 katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, wakulima walioshirikishwa kuandaa vipindi walizitumia mbinu zilizojadiliwa zaidi kuliko wale waliosikiliza tu.

Jambo la pili la kutega sikio ni namna kipindi kinavyounganisha ya hapa na ya taifa. Vituo vingi vya mikoani huyapata ya taifa kwa kusoma vichwa vya habari vya magazeti ya Dar es Salaam, mtangazaji akatia neno lake moja moja, na ya hapa yakabaki kuwa matangazo ya vifo na ya mikutano ya hadhara. Mgawanyo huo ni wa uongo, na alizeti inatosha kuuonyesha. Mwaka 2021 serikali iliiweka Singida pamoja na Dodoma na Simiyu mbele katika kampeni ya kuongeza alizeti ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula. Watu walihamasika, wakalima. Baadaye bei iliporomoka, na wakulima pamoja na wenye viwanda vya kukamua wakaunyoshea kidole ushuru wa mafuta yanayoingia kutoka nje. Basi bei ya gunia kwenye mnada wa kijijini haielezeki bila hotuba ya bajeti inayosomwa Dodoma kila Juni, na hotuba hiyo nayo haielezeki bila makubaliano ya mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki kuhusu viwango vya ushuru wa forodha. Mtangazaji anayeijua kazi yake atamwita mkulima, mwenye mashine ya kukamua na afisa biashara wa halmashauri, kisha ataupitisha mjadala katika ngazi hizo zote bila kumpoteza mtu. Mzembe atauliza "bei ikoje huko kwenu?", apokee masikitiko kumi, aseme wahusika wamesikia. Masikitiko ya wakulima ni ya kweli na yanastahili hewa. Lakini mpigaji wa kumi akisema alichosema wa kwanza, kipindi kimesimama, na lawama ni ya mwendeshaji aliyeshindwa kukisogeza.

Hapa tufike kwenye simu zenyewe, maana ndiko ufundi unakoonekana waziwazi zaidi. Sikiliza sekunde za mwanzo. Mpigaji ambaye hajaandaliwa ataingia hewani na mwangwi wa redio yake mwenyewe, aombwe apunguze sauti, aulizwe jina, aulizwe anakopigia, amsalimie mtangazaji, asalimie na familia, na muda wa maongezi alioununua kwa fedha zake umekwisha kabla hajataja shida. Kituo makini huwa na mtu nje ya studio anayepokea simu kwanza, anamwelekeza mpigaji azime redio, anauliza hoja yake ni ipi, kisha anampigia kwa gharama ya kituo. Hilo ni jambo la haki pia. Mwenye fedha ya vocha si lazima awe ndiye mwenye hoja, na kituo kinachokubali kubipiwa kinasikia watu ambao wengine hawawasikii. Salamu zenyewe sizibezi, ni adabu yetu, na enzi za kadi za salamu ziliwaunganisha watu wa mikoa waliokuwa hawajaonana. Ila zina kipindi chake.

Uchujaji huo wa simu una hatari, na wako wanaosema unafungua mlango wa kuzima sauti zisizopendwa. Ni hoja nzito. Ila hewa isiyo na ulinzi wowote nayo imewahi kugharimu maisha. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilivitaja vipindi vya simu katika baadhi ya redio za lugha za makabila kuwa miongoni mwa njia zilizopitisha lugha ya chuki. Upande wa pili iko Uganda, ambako mijadala ya hadharani iliyoitwa bimeeza, maarufu zaidi ikiwa ile ya Radio One iliyorushwa kutoka Club Obbligato jijini Kampala, ilipigwa marufuku Septemba 2009 baada ya machafuko ya Buganda, na pamoja nayo likatoweka jukwaa ambalo raia wa kawaida aliweza kusimama mbele ya mbunge. Tofauti ya mchujo mzuri na mbaya inasikika kwa msikilizaji aliyeko nyumbani. Mchujo mzuri hurefusha hoja: baada ya wapigaji watatu wanaokubaliana utasikia wa nne anayepinga, tena kwa sababu. Mchujo mbaya huacha wote wakiimba wimbo mmoja. Radio Okapi ya Kongo, iliyoanza 2002 katika nchi iliyokuwa vitani, ilijijengea kipindi kizima cha mjadala juu ya msingi wa kuwaweka pamoja wasiokubaliana. Kama redio iliweza hayo kati ya makundi yaliyokuwa yameshika silaha, sioni kwa nini ishindikane kati ya mkulima na afisa ugani.

Pingamizi kubwa zaidi husemwa na watangazaji wenyewe. Ukimbana kiongozi kwa swali la pili, wanasema, hatakuja tena, na mkoani viongozi ni wale wale wachache. Tena sheria ina meno: Agosti 2016 Radio 5 ya Arusha na Magic FM ya Dar es Salaam zilifungiwa kwa madai ya uchochezi, na Agosti 2020 Clouds ilisimamishwa siku 7 kwa maudhui ya uchaguzi. Siwalaumu wanaoogopa. Lakini ukilitazama swali la pili lilivyo, ndilo salama kuliko mengi. Kinachowaponza watangazaji mara nyingi ni kauli, maoni makali yaliyotupwa hewani bila uthibitisho. Swali kuhusu kasma ya bajeti, tarehe ya mkataba au jina la mkandarasi halina tuhuma ndani yake, na majibu yake ni taarifa za umma. Kuhusu kususiwa, mkuu wa idara anayejua kuwa ataulizwa kuhusu takwimu huja na takwimu, na kipindi humjengea heshima ambayo pongezi haziwezi kumjengea. Atakayesusa, kituo kitangaze kwamba aliitwa lini na alijibu nini, kisha maswali yasomwe mbele ya kiti kitupu.

Fedha ni kizingiti kigumu zaidi, na sitajifanya kuwa kina jibu rahisi. Redio za mikoani huishi kwa matangazo madogo, kwa miradi ya mashirika na kwa vipindi vya kulipiwa, ambamo halmashauri au kampuni hununua saa nzima. Kulipiwa si dhambi ikiwa msikilizaji ataambiwa mwanzoni na mwishoni kwamba muda huu umelipiwa na fulani. Dosari huanza pale taarifa hiyo inapofichwa, na mtu mzima wa Issuna akaamini anasikiliza mahojiano. Dalili zake zinatambulika: maswali yamepangwa kama mtihani ambao mgeni ameuona jana, simu hazifunguliwi kwa kisingizio cha muda, na shukrani ni nyingi kuliko habari. Ukizisikia zote tatu, usiupoteze muda wako.

Mwisho angalia ratiba. Kipindi cha saa tatu asubuhi humkuta mwanamke wa kijijini kisimani na mkulima shambani, hivyo wanaojibu moja kwa moja ni wenye maduka na madereva walioko barabarani. Vituo vingi huweka marudio usiku, wakati familia imekaa pamoja, na hapo simu hazipokelewi kwa kuwa kinachochezwa ni rekodi. Basi wale wenye shida yenyewe husikia jibu wakiwa hawana pa kulipingia. Kituo ninachokipa alama za juu hufungua namba ya ujumbe wakati wa marudio, hukusanya yaliyoandikwa saa mbili na saa tatu usiku, na wiki inayofuata humrudisha afisa yule yule na kuanza na ujumbe wa mama aliyesema kwamba fundi aliyetajwa hewani kuwa amefika hajaonekana hadi leo.