Folda Si Mtaa: Uhakiki wa Mkopo kutoka kwa Wasanifu wa Miji

Katika usanifu wa habari, yaani upangaji wa taarifa kwenye tovuti na maktaba za kidijitali, ni desturi kukopa maneno ya wasanifu wa miji. Dhana yenyewe ilianza kuenezwa mwaka 1976 na Richard Saul Wurman, mtu aliyesomea usanifu wa majengo. Mkopo huo siupingi. Ninahakiki unavyotumika.

Anayekopwa zaidi ni Kevin Lynch. Katika The Image of the City (1960) alieleza kwamba mkazi huubeba mji wake kichwani kwa mambo matano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama. Wabunifu wa tovuti waliyapokea kwa furaha: menyu ikawa njia, ukurasa wa mwanzo ukawa makutano, nembo ikawa alama. Lakini Lynch aliyapata kwa kuwauliza wenye mji. Wakazi wapatao 30 wa Boston, na wapatao 15 katika kila mmoja wa miji ya Jersey City na Los Angeles, walihojiwa kwa kirefu, wakachora ramani na kusimulia safari zao. Tovuti ngapi zimepangwa hivyo?

Tena skrini ina shida yake. Hapa Kampala, mnara wa msikiti wa Kampala ya Kale huonekana kutoka mbali hata ukiwa umepotea. Anayefika tovutini kupitia Google huangukia chumba cha ndani bila kupita mlangoni, na mnara haupo.

Kwangu mimi, Christopher Alexander anatufaa zaidi. Mwaka 1965, katika makala "A City Is Not a Tree", alipinga miji inayochorwa kama mti, kila tawi na majani yake. Mfano wake ni wa kona moja ya Berkeley: duka la dawa, taa za barabarani na kibanda cha magazeti. Anayesubiri taa ibadilike husoma vichwa vya habari. Kwenye mchoro wa mti, duka liko tawi la biashara na taa tawi la barabara. Kwa mpita njia ni kitu kimoja.

Maktaba ya kidijitali ninayoitumia chuoni ni mti mtupu: kitivo, idara, mwaka, kozi. Muhtasari wa fonolojia ya Kiswahili umefungiwa folda ya isimu, na mwanafunzi wa ualimu anayefanyiwa mtihani uleule hawezi kuifungua. Basi tunatumiana PDF kwa WhatsApp. Aliyechelewa kujiunga, na wengi wao ni wenzetu waliovuka mpaka kutoka Kongo, hana kundi, hivyo hana muhtasari.

Alexander mwenyewe hakutoa mchoro wa mji anaoutaka, na huo ni upungufu. Hata hivyo kompyuta inaweza jambo lisilowezekana kwa matofali: faili moja kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kuipa lebo mbili ni kazi ya dakika chache, mradi kwanza mtu awape wanafunzi wa mwaka wa kwanza karatasi, awaombe wachore wanavyoitafuta.