Medellín: Daraja Dogo na Ofisi Iliyolijenga

Wanaoisifu Medellín, mji wa pili kwa ukubwa nchini Colombia, huanza na magari ya nyaya yanayopanda vilima vyake. Njia ya kwanza ya magari hayo vilimani ilifunguliwa mwaka 2004. Mimi naanzia chini ya nyaya, kwenye korongo lililotenganisha mitaa ya Andalucía na La Francia.

Mwaka 1991 mji huu ulikuwa na mauaji yapatayo 380 kwa kila watu 100,000. Magenge yaligawana vilima, korongo likawa mpaka, na kijana wa upande huu hakuthubutu kukanyaga upande wa pili hata kama shangazi yake aliishi huko. Daraja la waenda kwa miguu lililojengwa hapo wakati wa meya Sergio Fajardo (2004–2007) lilikwenda moja kwa moja kwenye jeraha hilo.

Lilijengwaje? Fajardo, mwanahisabati, alimkabidhi msanifu Alejandro Echeverri EDU, kampuni ya manispaa ya uendelezaji miji. Tunajua mambo yanavyokwenda kwingi: watu wa barabara wanaweka lami, mwezi ujao watu wa maji wanaichimbua. EDU ilichagua eneo moja, ikaliwekea meneja mmoja na timu iliyochanganya wasanifu, wahandisi na maofisa ustawi wa jamii. Idara yoyote iliyotaka kugusa eneo hilo ilipitia kwao.

Timu ilipita vichochoroni na wakazi kabla ya kuchora chochote. Kwenye warsha, akina mama na vijana walichora mahali walipotamani pawepo, na wasanifu wakaanzia kwenye michoro hiyo. Kamati za mitaa zilifuatilia ujenzi, na vibarua wengi walitoka mitaa hiyohiyo. Hapa ndipo naona ustadi mkubwa kuliko wote: viongozi wa mitaa walipewa wataalamu wa kuwasikiliza wakati mchoro bado unaweza kufutika. Kuwaita wananchi barazani waoneshwe ramani iliyokwisha kupigwa muhuri ni kuwapa taarifa tu.

Halafu fedha. Manispaa inamiliki EPM, shirika la umeme, maji na gesi, kwa asilimia 100, na sehemu kubwa ya faida yake huingia kwenye hazina ya mji kila mwaka. Meya hakulazimika kungoja mfadhili. Wageni wanaokuja kujifunza hupiga picha magari ya nyaya. Laiti wangeomba kwanza kuonyeshwa hesabu hizo.

Si kila kitu kilisimama vizuri. Maktaba ya España, majengo matatu meusi kama majabali aliyoyasanifu Giancarlo Mazzanti, ilifunguliwa mwaka 2007 na kupata sifa duniani. Kuta zake za nje zikaharibika, ikafunikwa, ikafungwa kwa miaka. Inaniuma, kwa sababu watoto wa Santo Domingo, mtaa ilipo maktaba hiyo, ndio waliokosa meza za kusomea.

Sheria ya Colombia hairuhusu meya kurudi kwa muhula unaofuatana, hivyo Fajardo aliondoka mwisho wa 2007. EDU ilibaki. Chini ya meya Alonso Salazar ilihamia upande wa pili wa mji, Comuna 13, na mwaka 2011 ngazi za umeme zikafunguliwa kwenye mteremko ambao wazee walikuwa wakiupanda kwa miguu.