Tuanze na Kitabu Kipi cha Shaaban Robert?

Mwalimu wa Mwandoya, wilayani Meatu, atakaye kuzisoma hadithi za Shaaban Robert pamoja na kikundi chake, hana budi kwanza kuamua zifuatane vipi. Tarehe za kuchapwa hazimfai sana. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze 1952. Bali Kufikirika ilitoka 1967 na Utubora Mkulima 1968, mtunzi akiwa amekwisha kufariki mwaka 1962. Agano Jipya nalo halikupangwa kwa tarehe: nyaraka za Paulo ni za kale kuliko Injili, lakini Injili zimetangulia. Kupanga vitabu ni kuvifasiri.

Yafaa kuanza na Kusadikika, nchi ya angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Ifuate Kufikirika, ambako mfalme apata mrithi kwa taabu, kisha mwalimu wa mtoto huyo anafukuzwa. Hapo lawama yatoka barazani na kuingia katika malezi. Kisha aje Adili, aliyedhulumiwa na ndugu zake mwenyewe. Mwisho Utubora, aachaye kazi ya mjini na kushika jembe.

Utubora ana kasoro moja: ni mwema kupita kiasi cha binadamu, na Karama aliye hatarini humzidi kwa uhai. Hata hivyo, aishiaye Kusadikika hujifunza kuwahukumu watawala tu. Amfikiaye Utubora hulazimika kuulizwa habari za shamba lake mwenyewe.